Wakaishi Raha Mustarehe, Basi?

Sote tuliolelewa na hadithi za jioni tunaijua sentensi hii: wakaishi raha mustarehe. Kabla ya kufika hapo zimwi limeshatukimbiza pori zima. Mtoto ametiwa ndani ya ngoma, ngoma imepigwa kijiji hadi kijiji, mtoto ameimba mpaka sauti imemkauka. Tumesimuliwa yote hayo taratibu, kipande kwa kipande, na kesho yake tukaomba turudiwe pale pale penye kutisha. Halafu zimwi linakufa, mtoto anarudi kwa mama yake, na raha ya miaka yote iliyobaki inapewa maneno matatu. Basi. Hakuna aliyemwuliza bibi: ehe, hiyo raha ilikuwaje? Walikula nini? Nani alimchekesha nani? Zimwi tunalijua hadi kucha zake. Raha hatuijui hata sura.

Ninalileta jambo hili hapa kwa kuwa tabia hiyo imehamia kwenye maandishi yetu sisi vijana, na tumeipa jina kubwa: uzito. Hadithi yenye mauti tunaiita nzito. Hadithi ambayo watu wanapendana na mwisho wake wanaendelea kupendana tunaiita nyepesi, ya kupitishia muda. Ukisoma kazi zinazoletwa vijiweni mwetu na waandishi chipukizi, nyingi zinaishia makaburini, hospitalini au gerezani. Msichana anadanganywa, anafukuzwa, anaugua, anakufa. Kijana anakuja mjini, anaibiwa, anaiba, anachomwa moto. Sisemi mambo haya hayatokei. Yanatokea, na wengine tumeyaona kwa macho. Swali langu kwanza ni la kifani: uzito huo umetoka wapi? Ameuleta mwandishi, au msomaji alikuja nao toka nyumbani kwake?

Maana binadamu, jamani, tumeumbwa na mizani isiyo sawa. Wahenga walilijua hilo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: nyoka wa mara moja anatosha kufuta miaka yote ya nyasi zisizo na kitu. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mbona basi hatuna methali inayosema samaki mmoja mbichi akiingia tengani, wote wanapona? Na ile kali kuliko zote: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Shibe ya jana haina shahidi. Njaa ya jana, mwulize mtu, atakutajia mpaka saa.

Wataalamu wa saikolojia nao wamelipima kwa njia yao. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha makala ambayo ilikuja kutikisa hata somo la uchumi. Walionyesha kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kile kile inavyomfurahisha. We jaribu kijiweni. Mwambie mshikaji: turushe sarafu, ikiangukia kichwa nakupa elfu kumi, isipoangukia kichwa unanipa elfu kumi. Kwa hesabu mchezo ni wa haki kabisa. Wengi wanakataa. Kwa wastani watu wanaanza kulegea pale wanapoahidiwa kama mara mbili ya kile wanachoweza kupoteza. Mwaka 2001 Roy Baumeister na wenzake wakakusanya tafiti nyingi, za ndoa, za urafiki, za kumbukumbu, za kujifunza, na hukumu yao wakaiweka kwenye kichwa cha makala: baya lina nguvu kuliko jema. Mwaka huo huo Paul Rozin na Edward Royzman wakaandika kuhusu mende. Mende mmoja akikigusa chakula kitamu, chakula chote kimeharibika. Lakini hakuna chakula kitamu ambacho kikigusa lundo la mende, lundo lile litalika. Huyo ndiye samaki wetu wa tengani, ila amepanda ndege.

Sababu inayotolewa sana ni ya kuishi. Babu yetu aliyelikosa tunda leo angepata jingine kesho. Aliyekosa kumwona chui hakuwa na kesho. Sisi tumezaliwa na wale walioshtuka mapema.

Hapo ndipo mtego wa mwandishi ulipotegwa. Ukiandika tu kwamba mtoto alikufa, msomaji ameshastuka kabla hujafika sentensi ya pili. Mstuko ule si wako. Ni wa mdogo wake aliyemzika, wa shangazi yake, wa usiku aliokesha Muhimbili. Umeupata bure. Ukiandika kifo cha pili unaupata bure tena, ila kidogo kidogo unapungua, maana na moyo nao huota sugu. Kwa hiyo unaongeza cha tatu. Ni sawa na mtu aliyeokota pesa njiani akaingia nazo sokoni, halafu jioni anajisifu kuwa ni mfanyabiashara hodari. Magazeti ya udaku yanalijua soko hili vizuri kuliko sisi. Hata taarabu imelionja: miaka ya 1990, mipasho ilipoitawala Dar es Salaam, ubeti wa kuchoma ndio uliowainua akina mama vitini na noti mkononi, ubeti wa kubembeleza ukapigiwa makofi ya heshima.

Lugha yenyewe inatuvuta upande huo. Hebu hesabu vitenzi alivyo navyo Mswahili kwa ajili ya maumivu. Tumbo linanyonga. Jino linapwita. Kichwa kinagonga. Koo linakereketa, macho yanawasha, ubavu unachoma, mguu umekufa ganzi. Kila kiungo kina kitenzi chake, daktari akisikia anajua aanzie wapi. Njoo sasa kwenye furaha: “alifurahi sana.” Ukimbana mwandishi aongeze, ataandika “alifurahi mno,” ukimbana zaidi, “alifurahi isivyo kifani.” Tena hata kucheka tunakuazimia maneno kwenye maumivu: alicheka mpaka mbavu zikamwuma, alicheka mpaka machozi, nusura afe kwa kicheko!

Lakini si kweli kwamba lugha haina. Roho inasuuzika. Roho inakuwa kwatu. Uso unakunjuka. Mtu anachekelea, anajidai, anadeka. Kudeka! Neno moja hilo lina hadithi nzima ndani yake: mtu mwenye uhakika kwamba yupo wa kumvumilia. Ni mara ngapi umesoma hadithi ya kijana wa leo ambamo mtu mzima anadeka? Tunao mama wanaolia, mama wanaopigwa, mama wanaokufa wakijifungua. Mama anayedeka kwa mumewe kwa kuwa leo hajisikii kupika, huyo hatujamwandika, na mitaani kwetu yupo.

Tuje kwa wakubwa. Vijana wengi wanaoandika misiba humtaja Euphrase Kezilahabi kama baba yao. Sawa. Mzee huyo aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki Januari 2020 ametuachia riwaya ambazo ukimaliza moja unataka kukaa kimya kidogo. Rosa Mistika ya mwaka 1971 ilizuiwa mashuleni kwa muda, kisha ikaja kusomwa darasani. Mwulize aliyeisoma anakumbuka nini. Atakwambia: Zakaria mlevi, Zakaria anampiga Rosa kwa ajili ya barua ya Charles, Rosa anaharibika, Rosa anajiua. Mizani ile ile ya samaki.

Rudi basi kwenye kitabu uone Kezilahabi amejenga nini kabla ya kubomoa. Yupo Regina, mama, ambaye ndiye nguzo ya nyumba ile. Wapo wadogo zake Rosa. Ipo nyumba ya watu wanaoshikamana chini ya paa moja na mlevi wao. Yupo Rosa mwenyewe, ambaye mwanzoni ni mtoto mwenye haya na mwenye kujichunga mno, si msichana wa mitaani. Anguko lake lina urefu kwa sababu alikuwa juu ya kitu. Wanaomwiga Kezilahabi wanaanza na msichana ambaye ukurasa wa kwanza tayari yuko chini, kisha wanashangaa mbona kishindo hakisikiki. Mtu aliyelala sakafuni ataangukia wapi? Na tena mwisho wa riwaya ile si maiti. Rosa na baba yake wanasimamishwa mbele ya Mungu wabishane nani mwenye kosa. Mwandishi ambaye angetaka uzito wa bure angefunga kitabu pale kwenye kujiua.

Kichwamaji ya mwaka 1974 ni kesi ngumu zaidi, na nadhani ndiyo iliyotupoteza. Humo Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anasimulia mwenyewe, na kila ukuta anaouona anauona kwa ufa wake. Mapenzi yana ufa, ndoa ina ufa, usomi una ufa, na mwisho naye anajiua. Kijana wa miaka ishirini akiisoma anaona ameonyeshwa ukweli wa dunia. Mimi naona ameonyeshwa mtu. Mizani mibovu ni ya Kazimoto. Kezilahabi anaishika kwa mbali na kutuonyesha inavyopima. Kuna kejeli katika kitabu kile, kuna utani mwingi, kuna mahali unacheka halafu unajiuliza ulicheka nini. Wafuasi wamechukua mizani ya Kazimoto wakaiacha akili ya Kezilahabi. Matokeo yake ni hadithi ambazo mhusika anachoka na maisha tangu aya ya kwanza na hatujui ni maisha gani hayo aliyochoka nayo. Samahani kwa ukali, lakini kuchoka nako kuna kazi yake. Lazima uwe umebeba kitu.

Mzee Shaaban Robert mara nyingi tunamweka upande wa pili, upande wa wema na mawaidha, na vijana humpita haraka kama mtu anayempita sheikh barabarani akiwa na sigara mkononi. Hata yeye tunamkumbuka kwa mizani hii hii. Mwulize aliyesoma Adili na Nduguze: atakutajia manyani wanaochapwa mijeledi kila usiku. Wema wa Adili anautaja kwa jumla tu, “alikuwa mwema.” Na Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, tumeambiwa shuleni kwamba ni nchi ya dhuluma, tukaandika hivyo kwenye mtihani, tukapata maksi zetu.

Lakini hebu soma tena kesi ya Karama. Ameshtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafundisho ya sheria, na adhabu inayomngoja ni ya kifo. Anajiteteaje? Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa Mashariki, Magharibi, Kaskazini, Kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi. Kila mmoja akatiwa kifungoni. Sisi wasomaji tunahesabu vifungo: kimoja, viwili, mpaka sita. Karama anahesabu vyote viwili. Anasimama mbele ya baraza ambalo limekwisha kusahau na kulilazimisha lisikilize, siku baada ya siku, mambo mema waliyoletewa na walivyoyatupa. Bila yale mema, vifungo vile sita vingekuwa takwimu za magereza. Ninaona huo ndio ujanja mkubwa wa kitabu, na sijaona ukisemwa vya kutosha: utetezi wote wa Karama umejengwa kwa kulikumbusha baraza mema. Sitaficha kwamba ushindi wake mwishoni naona umekuja kirahisi mno. Wafungwa wanaachiwa, nchi inafurahi, na tumerudi kwenye raha mustarehe. Mzee naye alichoka pale tunapochoka wote.

Ambaye hakuchoka, kwa maoni yangu, ni Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar katika Nyota ya Rehema, mwaka 1976. Rehema amekosa pa kujishikiza tangu utotoni. Anapompata Sulubu, mkulima, na wakashika majembe pamoja, mwandishi hafupishi. Anatuachia tuone ardhi inavyofunguka, kazi inavyowaunganisha, na utu wa Rehema unavyorudi mahali pake. Mkulima na mkewe wanalima: kijiweni kwetu mtu angesema hapo hakuna taharuki, kata. Lakini dhuluma ya kunyang'anywa ardhi inapowafikia, msomaji anasimama, kwa sababu ile ardhi sasa ni yake pia. Amekwisha kuitolea jasho kwa kurasa kadhaa. Wale jamaa wa mwaka 1979 wangesema: hasara huuma mara mbili, ila lazima kwanza uwe na kitu mkononi. Ukitaka msomaji aumie shamba linapochukuliwa, mpe shamba.

Najua jibu ninalosubiriwa nalo. Watasema: we bwana unataka tuandike maua na vipepeo wakati watu wanalala njaa? Fasihi ni silaha. Nalijibu hivi. Mwandishi anayemwandika mkazi wa Tandale au Manzese kama kidonda kitupu, asiye na utani, asiye na wimbo anaoupenda, asiye na jirani anayemletea kibakuli cha mchuzi, anaandika kama mgeni aliyepita na gari vioo vimepandishwa. Mgeni ndiye anayeona mtaro tu. Wenyeji wanajua mtaro upo, tena wanaujua kwa pua, na wanajua pia ni nani anayeuza mihogo mitamu pembeni yake. Kumnyima maskini raha yake kwenye karatasi ni kumdhulumu mara ya pili, na hiyo silaha inampiga yule yule.

Chukua hadithi za UKIMWI. Miaka ya 1990 tuliziandika kwa mamia, na zilikuwa na haki ya kuandikwa vile, kwa sababu watu walikuwa wanakufa kila mtaa na dawa hazikuwafikia. Tangu mwaka 2004 serikali ya Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, watu wanaozitumia vizuri wanaishi, wanaoa, wanazaa watoto wasio na virusi, wanagombana na wapangaji wenzao kuhusu bili ya umeme. Lakini fungua hadithi ya kijana wa leo: mhusika anapima, anakutwa navyo, anakufa ukurasa unaofuata. Dunia imesogea, hadithi imebaki kaburini. Na yuko msomaji mwenye miaka kumi na tisa, anameza kidonge chake kila jioni, anasoma hadithi hiyo na kuambiwa na mwandishi wa rika lake kwamba yeye ameshakufa. Hiyo si hoja ya fani tu tena.

Limebaki moja, nalo ni la kwetu sisi tunaohakiki. Mwaka 1983 mtafiti wa Marekani, Teresa Amabile, alichapisha jaribio lake: watu walisomeshwa mapitio ya vitabu, mengine ya kusifu, mengine ya kuponda. Waponda waliwaona wana akili zaidi na ujuzi zaidi kuliko wasifu, ingawa hawakuwapenda. Nadhani hakuna kijiwe cha fasihi ambacho hakijui jambo hili hata bila jaribio. Jamaa anayekaa nyuma, mikono kifuani, anayesema “bado sana,” ndiye anayeonekana kasoma. Anayesema “pale mlangoni alipositasita nimepapenda” anaonekana kama ametumwa na mwandishi. Kwa hiyo wote tunajifunza kukaa nyuma. Katika ule ugomvi wa ushairi wa miaka ya 1970, wa vina na mizani dhidi ya mashairi huru, Kichomi ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974 watu waliibishania kwa kile ambacho haina. Vijana wengi mpaka leo wanaijua kama kitabu kisicho na vina. Kilichomo ndani hawajafungua wakaona. Na walio upande wa pili, wapenzi wa mashairi huru, nao wakawajua washairi wa arudhi kwa kile wasichokubali, wakaacha kusikiliza uzuri wa walichotunga.

Mwandishi chipukizi akisifiwa na watu tisa na kupondwa na mmoja, anaondoka na nani? Tunajua anaondoka na nani. Analala naye. Kesho yake anafuta.

Nitoe mfano, bila jina la mtu. Ilisomwa kwetu hadithi ya konda wa daladala ya Mbagala. Mwisho wake unajulikana: gari linapinduka, konda alikuwa mlangoni. Katika nakala ya kwanza kulikuwa na ukurasa mmoja wa alfajiri, kabla ya safari ya kwanza, konda na dereva wanakunywa chai kwa mama ntilie. Mama ntilie ana mtoto mdogo mgongoni. Konda anamwitia yule mtoto vituo kama abiria: Rangi Tatu, Zakhem, Mtongani, Aziz Ali. Kila akifika “Aziz Ali” anaivuta sauti, na mtoto anacheka. Kila siku, pale pale. Hakuna kingine kwenye ukurasa huo. Wakati unasomwa, sisi tuliokaa kwenye mkeka nasi tulicheka, bila kupanga. Baada ya ajali, kwenye aya ya mwisho, konda mwingine anapita na gari lingine, anaita vituo kwa haraka zake, hamjui mtu. Anafika “Aziz Ali.” Mtoto anacheka peke yake.

Msomaji mmoja akasema ukurasa wa chai unapunguza uzito, kwamba hadithi ni ya ajali na mfumo mbovu wa usafiri, na utani na mtoto ni mapambo. Alisema vizuri, kwa maneno ya darasani: maudhui, mtiririko, dhamira kuu. Waliokuwa wamecheka hawakuwa na maneno ya namna hiyo. Kicheko hakina istilahi. Wiki iliyofuata hadithi ikarudi bila ukurasa ule, na kwa kuwa ukurasa haupo, aya ya mwisho nayo ikabidi iondoke, maana mtoto angecheka nini?

Nimeisoma nakala mpya mara mbili. Breki, kelele, damu, kanga aliyofunikwa marehemu, polisi waliochelewa. Hakuna kosa hata moja la sarufi. Konda amekufa kama wanavyokufa watu kwenye taarifa ya habari, na nikageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma. Nilipomwuliza mwandishi ule ukurasa wa chai ameupeleka wapi, alisema hakuuchana. Ameukunja ndani ya daftari lake la hesabu.